Kilichoota Kwenye Mawe ya Koboko



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu, safari hii tunaomba tuzungumze habari ya mawe. Si mawe ya kujengea wala ya kusagia, bali mawe manne ya mtoni tuliyoyaweka ndani ya sanduku la kioo sebuleni kwetu, hapa Arua. Watoto wanaliita sanduku hilo "bahari", ingawa kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari yenyewe. Ndani yake mna ngege wadogo saba, majani ya majini na hayo mawe. Tangu mawe yaingie, vitu vimekuwa vikiota juu yake, na kila kinachoota kinatuletea swali lile lile: hiki ni nini?

Tumeona tuandike kwa sababu swali hilo lilianza kama mchezo wa likizo, likatufikisha kwenye dirisha la maabara la kituo cha afya, tumeshika kikopo cha choo cha mtoto. Tuliyojifunza njiani yanaweza kumfaa hata mzazi asiyefuga samaki, maadamu ana watoto wanaocheza mtoni.

Mawe yalitoka wapi

Sanduku lilitengenezwa na fundi wa vioo wa hapa mjini, yule yule anayekata vioo vya madirisha. Aliunganisha pembe kwa silikoni, akatuambia tulijaribu nje siku mbili kabla ya kuliingiza ndani. Linachukua madumu matatu ya lita 20. Maji tunayachota bombani, tunayaacha wazi siku mbili ili klorini itoke, kisha ndipo tunawawekea samaki.

Mawe yalitoka Koboko, kwa Haboba, kama watoto wanavyomwita nyanya yao kwa Kinubi. Wanaoijua njia ya kutoka Arua kwenda Oraba wanaijua Koboko: ukiwa pale uko karibu na nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Nyuma ya nyumba ya Haboba kuna kijito. Sehemu moja maji yanakimbia juu ya miamba na kutoa povu, na sehemu nyingine yametulia kama ya kwenye beseni. Watoto waliokota mawe mawili kwenye maji ya kasi na mawili kwenye maji yaliyotulia, wakayafunga kwenye mfuko wenye maji na kurudi nayo Arua.

Samaki na majani vililetwa na ami yao, anayekaa Rhino Camp, ng'ambo hii ya Mto Nile, na kufanya biashara ya samaki. Alivileta kwenye ndoo moja, maji ya Nile yakiwamo. Tunaomba msomaji aikumbuke ndoo hiyo.

Wenzetu wanaofuga samaki wa baharini majumbani wana jambo linalofanana na hili. Wao huweka ndani ya maji ya chumvi kile wanachokiita "mawe hai", yaani vipande vya mwamba wa matumbawe. Jiwe lenyewe ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa, lakini ndani ya vitundu vyake mna bakteria wanaougeuza uchafu wa samaki usiwe sumu. Pamoja na bakteria hao huja wageni wasioalikwa: minyoo, kaa wadogo, na viumbe vinavyofanana na maua. Mmoja wa wageni hao huitwa aiptasia. Ukimkata kwa hasira ili umwondoe, kila kipande kinachobaki kinaweza kuota na kuwa aiptasia mwingine. Kwa hiyo wafugaji hao wana desturi ya kumtambua mgeni kwanza, ndipo waamue la kumfanya. Tuliona desturi hiyo inafaa hata kwa maji baridi ya West Nile.

Vumbi la kahawia na nyuzi za kijani

Cha kwanza kuonekana kilikuwa vumbi la kahawia. Halikupita juma moja mawe yote manne yalikuwa yamefunikwa, na kioo pia. Jirani aliyekuja kutujulia hali alikunja uso akasema, "Mama, huu ni uchafu, mwagieni dawa ya kutoa madoa."

Hatukumwaga. Tuligusa kwa kijiti: linafutika kama vumbi la chaki. Tukaona pia ngege wanalidonoa. Vumbi hilo ni diatomu, mwani mdogo mno usioonekana kwa macho mmoja mmoja, na kila mmoja umejijengea kiganda kigumu cha silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo. Sanduku jipya mara nyingi hupitia hali hiyo. Baada ya majuma machache vumbi lilipungua, na mahali pake zikaota nyuzi za kijani zilizoteleza kama nywele zilizolowa. Nazo hazina ubaya. Zilikuwa zinatuambia kwamba sanduku liko karibu mno na dirisha na kwamba watoto wanawalisha samaki kupita kiasi. Tulilisogeza, tukapunguza chakula, na nyuzi zikapungua.

Vijidudu vyeusi vya maji ya kasi

Cha pili kilikuwa kwenye yale mawe mawili ya maji ya kasi tu. Tulipoyatoa kwenye mfuko tuliona vitu vyeusi vyeusi, virefu kidogo kama punje za mchele lakini vyembamba zaidi, vimesimama kwa mkia juu ya jiwe. Watoto walidhani ni majani yanayoanza kuota. Ukiangalia kwa lenzi unaona kila kimoja kina kichwa, na kichwani vifagio viwili vya kukamatia chakula kinachopita na maji. Kesho yake vyote vilikuwa vimeachia jiwe na kulala chini, vimekufa.

Tulimpigia simu Haboba. Alicheka, akasema, "Wanangu, mmebeba watoto wa wale nzi wanaouma mtoni." Kisha akaacha kucheka, akatusimulia habari za wazee waliokuwa wakijikuna ngozi usiku na mchana, na wengine wakaishia kushikwa mkono kuongozwa njia.

Nzi hao ndio usubi. Ni wadogo, weusi, wana mgongo uliopinda, na huuma mchana. Watoto wao hujishikiza kwenye mawe na majani penye maji yaendayo kasi kwa sababu wanahitaji hewa nyingi na chakula kinacholetwa na mkondo. Ukiwaweka kwenye maji yaliyosimama hawadumu. Ndiyo maana mawe mawili ya maji yaliyotulia hayakuwa na hata mmoja.

West Nile ni moja ya sehemu za Uganda ambazo ugonjwa unaoenezwa na nzi hawa, upofu wa mtoni, umejulikana kwa miaka mingi. Wasomaji wengi wa huku wanakumbuka kusimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, kisha kupewa vidonge vya ivermectin kulingana na kimo. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa dawa hiyo bure kwa ugonjwa huu, na mwaka 2007 Uganda iliazimia kuutokomeza kabisa badala ya kuupunguza tu. Mwaka 2015 wagunduzi wa dawa yenyewe, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kitone cha utelezi

Sasa tunafika kwenye ile ndoo. Kiasi cha wiki mbili baada ya ami yao kuileta, kijana wetu wa kati aliona juu ya jiwe kitone bapa kama tone la gundi, cha rangi ya asali, kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Ndani yake mlikuwa na nukta nyingi zilizopangana. Siku iliyofuata vilikuwa vitatu. Siku ya nne tuliona nukta zinatikisika.

Katika vyote vilivyoota, hiki ndicho watoto walichokipenda zaidi. Kilikuwa kizuri, kinang'aa, na kilikuwa na siri ndani. Kijana wetu alikuwa ameshapanga upya mawe yote kwa mikono yake ili vitone vikae upande wa mbele, vionekane vizuri.

Mwenye vitone alionekana usiku, tulipomulika kwa tochi: konokono wa kahawia, bapa, aliyejizungusha kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Walikuwa wawili wakubwa, wamejificha chini ya majani ya Rhino Camp. Tuliwaambia watoto wasiingize mikono tena mpaka tumjue mgeni huyu, tukafunika sanduku kwa ubao.

Wilaya zetu huwa na maafisa wa afya wanaoshughulikia wadudu na viumbe waenezao magonjwa. Mmoja wao tunaswali naye. Baada ya Isha tulimwomba apitie nyumbani. Hakuuliza konokono anaitwaje. Aliuliza, "Mzee, ametoka wapi?"

Tulipomjibu kwamba ametoka Nile, alimchota kwa kijiko, akamweka kwenye kifuniko cheupe na kutuonyesha. Konokono wengi wa maji wana ncha iliyochongoka. Huyo ukimsimamisha ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea, mlango huwa upande wa kulia au wa kushoto, na upande huo husaidia kutambua jamii yake. Lakini huyu wetu hakuwa na ncha hata kidogo. Alikuwa bapa pande zote mbili, kama pete ya kamba. "Umbo hili," alisema, "ni la jamii ya Biomphalaria. Ndiye anayebeba kichocho cha tumbo huku kwetu Nile." Tena akaongeza upesi, alipotuona nyuso zetu: "Anaweza kubeba. Sijasema huyu amebeba."

Alitueleza kwa utaratibu, nasi tunaeleza kama tulivyoelezwa. Mtu mwenye kichocho akijisaidia ndani ya maji au kando yake, mayai ya mnyoo hufika majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka humtafuta konokono wa aina hii na kuingia ndani yake. Baada ya majuma kadhaa konokono huanza kutoa vijidudu vingine, vingi sana, visivyoonekana kwa urahisi, na hasa hutoka mchana jua likiwa kali. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliye majini, na dakika chache zinatosha. Visipompata mtu hufa ndani ya siku moja au mbili.

"Na hawa wadogo walioanguliwa kwenye jiwe?" tuliuliza.

"Hao wasiwatishe. Konokono hamrithishi mwanawe ugonjwa. Wakubwa waliokuja na ndoo ndio wa kuulizwa."

Majuma ya kungoja

Asubuhi tulimpeleka kijana wetu kupimwa. Mhudumu alitusikiliza, akatuambia jambo ambalo hatukulijua: kupima siku ile kusingetupa jibu. Mnyoo ukishaingia mwilini huchukua muda kukua na kuanza kutaga, na ni mayai yake ndiyo yanayotafutwa kwenye choo. Tungoje majuma sita mpaka manane. Na kumpa praziquantel siku ile ile hakungetosha, kwa sababu dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga huweza kuponyoka.

Majuma manane ni marefu, ndugu zetu. Kila mtoto aliposema tumbo linauma, tuliangaliana.

Kulikuwa pia na jambo zito kuliko hilo. Ilibidi tuwaambie wa Rhino Camp, maana kama konokono wale walikuwa na kichocho, basi watoto wa ami yao wanaoga na kuchota maji hapo hapo kila siku. Mke wa ami yao alipopokea simu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo mnasema maji yetu ni machafu." Tulijua anamaanisha: mnasema sisi ni wachafu. Samaki walikuwa zawadi, na zawadi hairudishwi na lawama.

Tulisafiri kwenda kwao badala ya kuendelea kwa simu. Tulikaa, tukala, tukaeleza kama tulivyoelezwa, na tukasema kwamba sisi wenyewe tuko kwenye foleni ya kupimwa. Maji ya Nile hupita nyumba nyingi kabla ya kufika kwao, na hakuna anayejua ni nani aliyeanza. Mwishowe yeye ndiye aliyewapeleka watoto wake wote kupimwa, na wa jirani wawili pia. Binti yake wa miaka tisa alikutwa na mayai. Alipimwa kimo, akapewa vidonge akiwa ameshakula, akalalamika kizunguzungu na tumbo siku hiyo moja tu, na baadaye mama yake akatuambia kwamba shuleni hasinzii tena kama zamani.

Kijana wetu alipimwa katika juma la nane, akarudiwa mwezi uliofuata. Mara zote mbili hakuonekana na kitu. Alhamdulillah.

Wote huzaliwa safi

Tulipokaa na kulinganisha wageni wetu wa mawe, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia. Vumbi na nyuzi za kijani, vilivyomtisha jirani, havikuwa na madhara. Kitone kilichopendwa na watoto ndicho kilichotukosesha usingizi. Macho peke yake si hakimu mzuri.

La pili ni zito zaidi. Usubi anapotoka kwenye maji hana ugonjwa wowote. Anaupata akimuuma mtu mwenye ugonjwa, ndipo siku kadhaa baadaye anaweza kumpa mwingine. Konokono naye huanguliwa akiwa safi, na anaupata kutokana na choo cha mtu. Wote wawili huzaliwa safi, na ugonjwa wanaupokea kutoka kwetu binadamu. Tukisema "mto una ugonjwa" tunausingizia mto. Choo cha shimo kilichojengwa mbali na maji, na vidonge vinavyomezwa na kila mtu zamu inapofika, hukata njia hiyo kwetu sisi, nao konokono na usubi wakabaki na maisha yao ya kawaida. Uganda ilianza mpango wake wa kitaifa wa kudhibiti kichocho mwaka 2003, na dawa ipo. Lakini anayetibiwa leo akarudi maji yale yale kesho anaweza kuambukizwa upya.

Tunayoyafanya nyumbani sasa

Kwa wenye watoto wanaopenda kuleta mawe, samaki au majani nyumbani, haya ndiyo tunayoyafuata:

1. Kila kitu cha majini kinaulizwa kilitoka wapi kabla hakijaulizwa kinaitwaje: maji ya kasi au yaliyotulia, na je, watu huoga na kujisaidia karibu?

2. Jiwe jipya hukaa peke yake kwenye beseni uani kwa majuma matatu, mbali na mikono ya watoto. Tunaliangalia mchana, na usiku kwa tochi.

3. Kisichojulikana hakikatwi wala hakimwagiwi dawa. Kinagunduliwa kwa kijiti na lenzi: kinateleza au kinakwaruza, kinafutika au kimeshika, kinajikunja kikiguswa au hakijikunji. Watoto huchora picha na kuandika tarehe.

4. Akionekana konokono bapa kutoka Nile au maziwani, hashikwi kwa mkono. Wale wetu wawili tuliwaua kwa maji ya moto, majani tukayakausha na kuyachoma, na mawe tukayasugua kwa brashi tukiwa na glavu, kisha tukayamwagia maji ya moto uani. Kuyachemsha motoni hatukuthubutu, kwa sababu jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka.

5. Maji ya mtoni ya kuoga yakiwekwa siku mbili kamili kwenye chombo kisicho na konokono, vijidudu vya kichocho huwa vimekwisha kufa. Ya kunywa huchemshwa, hilo halibadiliki.

6. Maji na majani ya sanduku hayamwagwi mtoni wala mtaroni. Tunayamwaga kwenye udongo mkavu. Enyau ndio mto unaotunywesha watu wa Arua. Na tukumbuke gugumaji: asili yake ni Amerika ya Kusini, watu walilisafirisha kwa kupenda maua yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana kwenye maziwa ya Uganda. Kilichoanza kama pambo kikawazuia wavuvi kupita.

Sanduku bado lipo. Ngege saba wamebaki watano, na mawe ni yale yale manne. Juma lililopita, kwenye jiwe moja, pameota doa la kijani lenye vitundu vidogo. Ukiligusa kwa kijiti linakwaruza, haliteleza. Watoto wanasema ni ukoga. Afisa wetu anadhani ni sifongo ya maji baridi, ambayo ni mnyama na si mmea, na ametuambia tusiiguse kwa vidole na kisha kujipangusa macho, kwa kuwa ina sindano ndogo ndogo. Beseni liko tayari uani, na daftari la picha limefunguliwa ukurasa mpya.

Wazazi wenzetu wa Koboko, Yumbe, Arua na kando ya Nile, zamu ya vidonge ikifika mtaani kwenu, msiache mtoto nyumbani. Na aliye na jamaa mtoni ampigie simu. Akinyamaza, mwendeeni.